Polisi jamii au ofisi ya watoto na familia: ipi itamfaa kijana wako?

Mzazi wa Kisenyi au Bwaise, mitaa ya Kampala nchini Uganda, ambaye mwanawe ameanza kuandamana na kundi la visu ana milango miwili ya kubisha kituoni: wa ofisa wa polisi jamii, anayeitisha mabaraza mitaani na kuingia shuleni, na wa kitengo cha watoto na familia. Huduma zote mbili ni za bure, ila hazilingani. Kama kijana hajafika miaka 18, anza na huo wa pili.

Sheria ya Watoto inawapa polisi nafasi ambayo wazazi wengi hawaijui: kosa dogo la mtoto linaweza kuishia kituoni kwa onyo, bila kesi mahakamani. Ngumi za shuleni au kioo kilichovunjwa huzungumzwa mezani, mzazi na aliyekosewa wakiwapo. Aliye chini ya miaka 12 hashtakiwi kabisa. Akikamatwa mwenye miaka 12 hadi 17, mzazi anapaswa kuarifiwa mapema, mtoto asilazwe selo na watu wazima, na asipopewa bondi, yaani dhamana ya polisi, asipitishe saa 24 bila kufikishwa mahakamani. Bondi hailipiwi, anayedai pesa anakuibia.

Nenda na cheti cha kuzaliwa au kadi ya chanjo. Bila karatasi inayoonyesha umri, kijana mrefu wa miaka 16 huandikwa mtu mzima, na kurekebisha hilo baadaye ni kazi ngumu.

Udhaifu mkubwa wa ofisi hii uko kwenye kumbukumbu. Malalamiko yakipokelewa huingizwa kwenye daftari la kituo, SD, na kupewa namba yake: 14/07/03/2025 ni ingizo la 14 la tarehe 7 Machi 2025. Usiondoke bila namba hiyo. Onyo la mdomo hupotea siku ofisa anapohamishwa, na anayemrithi huanza upya kana kwamba hakuna lililowahi kutokea. Omba onyo liandikwe, utie saini na ulipige picha. Kama kuna aliyejeruhiwa, chukua Fomu ya Polisi namba 3 siku hiyohiyo mkaonane na mganga, maana kidonda kikipona ushahidi umekwenda.

Polisi jamii ni huduma ya kubahatisha zaidi; mengi hutegemea OC, mkuu wa kituo. Baraza la asubuhi hujaa wazee. Mwenyekiti wa LC1, halmashauri ya mtaa, akiliweka saa kumi jioni na kuwaita viongozi wa steji za boda boda, vijana wenyewe huja na husema yanayowasumbua. Linaloharibu kila kitu ni kuuliza majina ya wezi hadharani. Aliyetajwa hupigwa au hutoroka, na baraza linalofuata huwa viti vitupu. Kadhalika orodha ya LC1 ikigeuzwa ya msako wa usiku, vijana hukoma kuongea na sare yoyote. Tangu Mahakama ya Katiba ibatilishe baadhi ya vifungu vya uzururaji mwaka 2022, misako ya namna hiyo imebaki na msingi dhaifu hata kisheria. Taarifa nyeti zipelekwe kwa ofisa faraghani, na jina la mtoaji lisitajwe.

Kituo kikikataa kupokea suala la mtoto, piga 116, laini ya Sauti ya kusaidia watoto. Haikatwi salio.