Sinia la makaribisho, nyumba ya kukodi Jambiani, Zanzibar: nyota nne kati ya tano

Mwenye nyumba hii ya vyumba viwili anajua kupokea mgeni. Mezani pana kawa la ukili. Ukilifunua unakuta halwa nusu kilo ndani ya kikapu chake, mkate wa kumimina mzima, ndizi za kisukari na dele la kahawa ya tangawizi. Kawa si pambo. Bila hilo, nzi huiwahi halwa kabla ya mgeni.

Halwa imeachwa nje, na ndivyo inavyotakiwa. Ikitiwa frijini samli huganda, ikawa ngumu, na mgeni asiyeijua hudhani ndiyo tabia yake. Ina lozi, lakini mgeni huulizwa mapema kwa WhatsApp kama zinamdhuru. Mkate umepikwa siku hiyohiyo: una tui, na kwa joto la pwani ukilala unachacha.

Kasoro ni madafu. Yamefunguliwa asubuhi, mgeni anaingia saa kumi jioni; maji yameshageuka, yana uchachu na wekundu kwa mbali. Dafu lichongwe ganda la nje tu, lipoe likiwa zima, litobolewe mgeni akishavua viatu. Na friji iwashwe tangu usiku wa kuamkia. Hapa huzimwa kuokoa umeme wa TUKUZA, yaani wa kulipia kabla, ikawashwa mgeni akiwa njiani kutoka uwanja wa ndege. Ni mwendo wa saa moja na ushei, hautoshi hata kupoza chupa za maji.

Zawadi ndizo zimeng'ara. Kanga ni doti nzima, imekatwa, imepindwa na kufuliwa kabisa, kwa hiyo haichujii rangi kwenye mashuka meupe. Jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, ni la kumtakia mgeni heri. Wengi hununua kanga kwa maua yake, kumbe jina ni fumbo la uke wenza, na mgeni wa watu anatoka nayo mtaani! Kuna pia sabuni ya mwani, na mdalasini wa magome badala ya unga, ambao harufu yake inafika naye kwao.

Asumini imechumwa jioni ikiwa bado tumba, ichanue usiku. Imewekwa kwenye kisahani kando ya mto, maana juu ya shuka ikinyauka huacha doa la kahawia.

Atakayefika usiku aombe boflo na mayai ya asubuhi badala ya mkate wa kumimina. Mwenyewe hubadilisha akiarifiwa siku moja kabla.