Kupanda Irente kutoka Mazinde: uzoefu wangu na huduma ya mwongozaji

Watu wengi wa Tanga mjini wanaijua Irente ya bodaboda: unatoka Lushoto, kilomita tano au sita, unapiga picha kwenye ukingo wa milima ya Usambara, unarudi kunywa chai. Hapa nazungumzia Irente ya kuanzia chini, Mazinde, kwenye barabara kuu iendayo Same, na kuupanda ukuta wa Usambara kwa miguu mpaka kwenye ule mwamba uliochomoza. Ni karibu mita 1,000 za kwenda juu. Nimeipanda mara mbili na huduma ileile ya Lushoto, Septemba kwa ratiba yao na Februari kwa ratiba niliyowaomba mimi. Mwongozaji wao nampa alama zote. Ratiba yao usiikubali.

Wanayouza ni hii: chai Lushoto saa moja, kuteremka na gari kupitia Soni mpaka Mombo, kilomita 33 za kona, kisha Mazinde, na kuanza kupanda saa nne asubuhi. Kwenye karatasi inapendeza, lakini mlima hauko hivyo. Upande huu unatazama machweo. Asubuhi jua linachomoza nyuma yake, kwa hiyo sehemu kubwa ya njia iko kivulini, udongo umepoa na umande bado umekaa kwenye majani. Jua likipaa, kivuli kinajikunja kuelekea ukutani, na ikifika saa sita kilichobaki ni cha kofia yako. Anayeanza saa nne anaipata sehemu yenye mwinuko mkali, ambako migomba imekwisha na yamebaki mawe na vichaka, saa saba mchana. Hapo unalazimika kushika mawe kwa mikono ili upande, na mawe yenyewe yamekwishapata moto kama kikaango.

Hesabu ya muda nayo wanaikosea. Waliniambia saa mbili zinatosha. Hiyo ni kasi ya mwenyeji anayeipita njia ile tangu utoto, siyo yako. Mtu wa kawaida mwenye afya hupanda kama mita 300 za wima kwa saa. Mita 1,000 ni saa tatu na dakika ishirini, ongeza dakika arobaini za kupumzika, jumla saa nne. Ukianza saa kumi na mbili na robo, saa nne na robo uko juu na jua ndiyo kwanza linaanza kuuma.

Ili uanze muda huo, usilale Lushoto. Lala Mombo. Kutoka Tanga unapanda basi linalopita Muheza na Korogwe, unashuka Mombo jioni, unatafuta chumba chenye feni maana Mombo ni joto, na alfajiri gari linakufikisha Mazinde bado kiza. Mizigo mikubwa wapewe wenye huduma waitangulize Lushoto. Hili wamelifanya vizuri mara zote mbili, begi nimelikuta mapokezi halijafunguliwa. Mgongoni panda na begi dogo tu. Kilo tano ni nyingi tayari.

Sasa maji, maana hapa ndipo watu wanapoharibikiwa. Beba lita 3 kila mtu, chupa mbili za lita moja na nusu. Moja iwe maji matupu, nyingine itie sukari na chumvi: kwa kila lita 1 ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote sawasawa bila kurundika. Chumvi ikizidi inadhuru, kwa hiyo pima, usikadirie kwa macho. Sababu yake ni kwamba jasho linatoka na chumvi, na anayefidia kwa maji matupu peke yake huanza kulegea na kujisikia kichefuchefu. Kunywa mafunda mawili matatu kila robo saa hata kama kiu haijaja. Katika kundi letu la Septemba kulikuwa na waliobeba chupa moja ya nusu lita kwa sababu tangazo liliandika "maji yapo". Maji yalikuwepo kweli, ila yalikuwa juu, ukishafika. Chakula cha njiani kiwe cha kutafuna kidogo kidogo: karanga, ndizi mbivu, mihogo ya kukaanga. Maandazi manne kwa mkupuo yatakulalia tumboni.

Mwongozaji ndiye sababu ya kuilipia huduma hii. Ukitazama kutoka barabarani unadhani ni kufuata njia moja tu kwenda juu. Ukiingia unakuta njia za mashambani zimezaliana: hii inakwenda kwenye mahindi ya mtu, ile mtoni kuchota maji, nyingine wanapokata kuni. Njia pana siyo lazima iwe ndiyo, mara nyingi ile nyembamba inayopinda ndiyo inayofika. Huyu kijana wa Kisambaa alijua kila njia panda, aliwasalimia wenye mashamba kwa lugha yao kabla hatujakanyaga mipaka yao, na alikuwa na tabia moja niliyoithamini sana: hakuongeza mwendo. Kila aliposimama alisimama mpaka yule wa mwisho naye apate pumzi, ndipo akainuka. Waongozaji wengi huinuka mara wa mwisho anapowasili, kwa hiyo aliye dhaifu hapumziki kabisa.

Ila mmoja hatoshi. Tulikuwa tisa nyuma yake, na kundi likanyooka mpaka wa mbele hawawaoni wa nyuma. Wakizidi watano dai wawili, mmoja atangulie, mwingine afunge mkia. Dai pia kuliona sanduku la huduma ya kwanza kwa macho yako kabla ya kuondoka. Letu lilikuwa na plasta nne na chupa ya dawa ya kidonda, bendeji hakuna. Tangu hapo nabeba bendeji yangu ya kuvuta, kwa ajili ya kifundo cha mguu.

Viatu: buti au raba yenye meno, uliyoivaa walau wiki mbili. Kiatu kipya kitakupa malengelenge kisigino hujafika nusu. Ukihisi pamepata joto simama hapohapo ubandike plasta, ukingoja paume umechelewa. Kata kucha za vidole vya miguu siku mbili kabla. Suruali ndefu iingie ndani ya soksi kwa sababu ya siafu, hasa ardhi ikiwa na unyevu, na mikono mirefu kwa sababu ya upupu kwenye vichaka vya chini wakati wa kiangazi. Upupu ukikupata usijikune wala usipangusie mkono, unausambaza. Wenyeji hupaka majivu na kuyapukuta taratibu.

Msimu nao uchague. Masika, Machi hadi Mei, achana na njia hii: udongo mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni na fimbo haisaidii. Juni hadi Agosti kuna baridi na ukungu juu, unaweza kufika ukakuta weupe mtupu. Usiondoke, mara nyingi hufunguka kadiri asubuhi inavyosogea. Septemba nililikuta bonde limejaa vumbi na moshi wa mashamba. Februari, baada ya vuli kuiosha hewa, nilihesabu mistari ya mkonge.

Na hapo juu ndipo ratiba ya alfajiri inapokulipa mara ya pili. Asubuhi jua liko mgongoni mwako, bonde lote linaangazwa mbele yako: mkonge umechanwa kwa mistari kama nywele za binti aliyesukwa, reli ya Tanga na Moshi, barabara na malori madogo kama punje, nyika ya Wamasai inakwenda mpaka macho yanashindwa. Honi ya lori inakufikia imechelewa, ukimtafuta dereva amekwishasogea. Nililikalia jiwe karibu saa nzima na sikuona ni nyingi. Tahadhari moja: miguu iliyopanda mita 1,000 inatetemeka, na ukingo ule hausamehe. Kaa hatua mbili tatu nyuma, piga picha ukiwa umekaa, na usirudi kinyumenyume kupanga watu.

Kiingilio cha ukingoni hakikuwemo katika bei yao, wala chakula cha mchana. Waulize mapema, na waandike.

Usiteremke kwa njia uliyopandia. Kushuka ndiko kunakoua magoti, na saa hiyo jua limekwishaujaza ukuta. Endelea kwa miguu hadi Lushoto, saa moja na nusu au mbili kwa mwendo wa kuchoka, barabara ya vumbi yenye vivuli. Njiani pita shamba la Irente la KKKT, kanisa la Kilutheri, ununue mkate wao, jibini na jamu. Lala Lushoto na blanketi, mabasi ya kurudi Tanga yanatoka asubuhi.

Nawapa nyota nne. Januari nawachukua tena, mwongozaji yuleyule, wawili badala ya mmoja, na saa kumi na mbili na robo Mazinde iwe imeandikwa kwenye risiti kabla sijatoa hela.