TAHADHARI: Vidonge vya "kulainisha ngozi kutoka ndani" vinavyouzwa WhatsApp

Dada zangu mnaopauka ngozi msimu huu wa kipupwe, someni hii kabla hamjatuma hela.

Kuna muuzaji hapa Dar anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na vidonge vya ngozi kavu. Simtaji, maana ukurasa na namba ameshabadilisha, na wenye mchezo huu si yeye peke yake. Angalieni mtindo: picha za kabla na baada, malipo yanaingia kwenye namba yenye jina la mtu mwingine kabisa, mzigo unaletwa na bodaboda, risiti hakuna. Chupa moja elfu sabini!

Wifi yangu alinunua. Baada ya wiki kadhaa midomo ikaanza kubanduka, ngozi ikakauka kuliko mwanzo, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, kichwa kinamgonga kila siku. Akamuuliza muuzaji. Jibu: "Hiyo ni sumu inatoka mwilini mpenzi, ongeza dozi na unywe maji mengi."

Nikaomba niione hiyo chupa. Tarehe ya kuisha muda ni stika iliyobandikwa juu ya nyingine. Nikaikwangua kwa ukucha, mwaka wa chini yake ulishapita. Nyuma, kwa maandishi ya kusomea miwani: vitamini A aina ya retinoli, IU 25,000 kwa kidonge (IU ni kipimo cha wingi wa vitamini). Na aliambiwa ameze viwili kwa siku! Mtu mzima hatakiwi kuvuka IU 10,000 kwa siku, labda daktari awe amemwandikia.

Sasa sikieni. Vitamini A ikizidi mwilini, dalili zake ndizo hizo hizo: ngozi kukauka, midomo kupasuka, nywele kunyonyoka, kichwa kuuma. Yaani kidonge kinakuletea tatizo lile lile ulilokinunulia, halafu jamaa analitumia kukuuzia chupa ya pili. Na maji hayakuokoi. Vitamini C ikizidi hutoka na mkojo, lakini A inajilimbikiza kwenye ini. (Mchicha na karoti kuleni bila hofu, mwili hutengeneza A kutoka humo kwa kadiri unavyohitaji.)

Ngozi kavu ya kawaida jaribu kwanza kuoga maji ya uvuguvugu, uache sabuni kali, na upake Vaseline mwili ukiwa bado na unyevu. Ikigoma, kapime, kwani kisukari na tezi ya shingo nazo hukausha ngozi.

Mlionunua, msitupe chupa wala kufuta meseji. TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, wanapokea malalamiko. Na kama una mimba au unatafuta mtoto, acha kumeza leo hii na uende na chupa yenyewe kliniki, kwa sababu retinoli nyingi inaweza kumlemaza mtoto tumboni, hasa miezi mitatu ya mwanzo.