Basi la watalii London: basi linapata nyota 3, mume wangu 1

Jina la kampuni naliacha maana ziko kadhaa na zinafanana, ni yale mabasi ya ghorofa yaliyo wazi juu, unakata tiketi ya siku nzima unapanda unashuka popote. Tulikuwa na siku mbili tu London, mume wangu akasema hili ndo litaturahisishia. Haya.

Kwanza mvua. Tumekimbilia viti vya mbele kule juu kama watoto, dakika kumi hazijaisha ikaanza kumwagika, wakatugawia makoti ya nailoni, sasa picha zote tunaonekana kama mizigo ya kusafirisha. Kushuka chini vioo vina ukungu. Halafu zile hedifoni zao, maelezo hayaendani kabisa na mahali basi lilipo, tuko kwenye foleni Trafalgar Square mimi sikioni naambiwa tazama kushoto uone Big Ben. Nikatazama kushoto, lori. Ila hapo ndo nikajua kumbe Big Ben ni kengele, mnara wenyewe wa saa tangu 2012 unaitwa Elizabeth Tower, na mume wangu akajifanya alikuwa anajua siku zote.

Buckingham Palace, kasri la mfalme, tukashuka mbio kuwahi walinzi wakibadilishana zamu. Tumebanana getini karibu saa nzima, saa tano asubuhi ikafika ikapita, kimya. Ilikuwa Jumanne jamani!! Kawaida ni Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumapili, na hata hizo siku mvua ikizidi wanafuta, kwahiyo cheki ratiba kabla hujatoka hotelini. Kondakta alituona tunavyoshuka na haraka zetu na kamera shingoni, hakusema neno.

Sasa daraja. Mume wangu tangu tunahangaikia viza anaongelea lile daraja lenye minara miwili, eti picha ya profaili lazima apigie pale. Kuona kituo kimeandikwa London Bridge kanivuta mkono tushuke. Tunafika, ni daraja bapa la zege, limefunguliwa 1973, magari yanapita basi. Akasema labda minara iko mwisho wa daraja. Tukalivuka lote. Nikamnyooshea kidole mtoni, minara yako ile pale, daraja linalofuata, linaitwa Tower Bridge. Ananijibu "sasa mke wangu si ungesema mapema". Nikagugo palepale nikakuta London Bridge la zamani, lililokuwepo kabla ya hili bapa, waliliuza Marekani miaka ya 60, mawe yake yakapelekwa Arizona. Nikamwambia unaona baba, watu wa huku kitu kikiwachosha wanauza.

Tukatembea kando ya mto kama robo saa, hatuongei. Tunafika tu, barabara ikafungwa, daraja likakatika katikati vipande viwili vikainuka, boti yenye mlingoti mrefu ikapita taratibu. Nilisahau hata kununa. Upande wa pili basi letu tunaliona limekwama linasubiri, na hilo ndo lilikuwa karibu la mwisho, yanaacha mapema mno jioni, tukalikosa.

Tukarudi na basi la kawaida namba 15. Mume wangu katoa noti, dereva anatikisa kichwa, mabasi ya London hayapokei keshi tangu 2014. Akagusisha kadi kwenye mashine ya nauli, akagusisha tena kwa ajili yangu, ikakataa, kila mtu lazima awe na yake. Foleni nyuma yetu inatuangalia tu. Nikatoa ya kwangu, paundi 1.75, tukapanda ghorofani viti vya mbele, lina paa, likapita kanisa la St Paul's hadi Trafalgar Square tumekaa pakavu na tunaona kila kitu. Nikipiga hesabu ya ile tiketi ya asubuhi moyo unauma.

Nyota ya nne ningewapa kama yule kondakta angesema tu mama, leo Jumanne.