Dirisha namba tatu na nyumba ya baba ya mita 96

Nilisema nikishatulia nitaandika maoni yangu kuhusu chuo ninachosoma, na kukipa nyota zake, moja mpaka tano. Sijatulia, na nikisubiri kutulia sitaandika kabisa.

Nasoma uzamili wa kilimo kwenye chuo kikuu cha serikali, Italia ya kati, mji mdogo wa milimani ambako ukipiga chafya asubuhi, jioni muuza mkate anakupa pole. Jina sitaji. Si Bologna wanaojisifia kuanza mwaka 1088, wala si Roma. Ni mojawapo ya vile vyuo vya mikoani ambavyo wengi wetu tunaishia kwa sababu ada ni nafuu na mkoa unatoa ufadhili. Kozi zipi, masharti gani, yote yako kwenye tovuti yao, kasome mwenyewe. Mimi nataka kusema habari ya dirisha namba tatu la ofisi ya wanafunzi.

Ila kwanza uujue mtego ulivyo. Ada hapa inakwenda na kipato cha familia yako, na kipato kinathibitishwa na karatasi inayoitwa ISEE. Sisi tunaotoka nje ya Ulaya tunatengenezewa ya kwetu, wanaiita "parificato". Ukiwa nayo na kwenu hali ni ya kawaida, unasoma karibu bure. Ukiikosa, unapangiwa ada ya juu kabisa kana kwamba baba yako ana zahanati tatu Milano. Na karatasi hiyo haishibi: inataka kujua nani anaishi nyumbani, nani anaingiza nini, na nyumba yenyewe ina mita ngapi za mraba.

Sasa barua ya serikali ya mtaa kutoka Tanga ilisema "nyumba ya kudumu, vyumba vinne, choo cha nje". Imeshatafsiriwa, imeshagongwa mihuri, nimeshalipia kila muhuri. Wakaniuliza mita ziko wapi. Nikapiga simu nyumbani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Baba, hivi nyumba yetu ina mita za mraba ngapi?"

Akanyamaza kidogo. "Kwani wanataka kuinunua?"

Akaazima futi kwa fundi wa jirani. Mzee wa watu akapima kila kitu mpaka banda la kuku. Nikamwambia baba, la kuku toa. Akalitoa shingo upande. Ikabaki kumi na mbili kwa nane, mita 96. Na hapa ndipo raha ilipo: kwa utaratibu wao, nyumba ya familia iliyoko nje ya Italia inahesabiwa euro 500 kwa kila mita ya mraba, iwe ya vigae iwe ya mabati yaliyoshika kutu. Piga hesabu, euro 48,000. Nilipomwambia baba alicheka mpaka akakohoa. "Waambie waje na hela mkononi. Mimi na mama yako tutahamia kwa kuku."

Barua mpya, tafsiri mpya, muhuri mpya. Wiki zikakatika. Ofisi inayoandaa ISEE ikanituma kwa watu wa ufadhili wa mkoa, wale wakanirudisha chuoni, chuo kikanirudisha kulekule nilikoanzia. Nilipigwa danadana mpaka nikazijua ratiba za mabasi kuliko madereva. Hatimaye nikaipata karatasi, Ijumaa, siku ya mwisho ya kuiwasilisha. Mtandaoni mfumo ukaikataa kwa sababu majina yangu matatu kwenye pasipoti yamepangwa tofauti na yalivyo kwenye namba yangu ya kodi. Ikabidi niende dirishani.

Namba yangu ilikuwa 41. Dirisha linafungwa saa sita mchana. Saa sita kasoro dakika sita ikaitwa 40, kijana mmoja aliyepoteza kitambulisho. Kasoro mbili, ikaitwa 41. Nilikuwa nimeshaitoa karatasi kwenye bahasha. Mama wa dirisha namba tatu, miwani yake ina mnyororo wa shanga za bluu, hakuniangalia mimi, aliangalia saa ya ukutani. Akashika kamba ya pazia. "Jumatatu."

Nikamwambia kwa Kiitaliano changu cha kuunga-unga kwamba mwisho ni leo, na nipo hapa tangu saa nne. Akasema, pazia limeshafika nusu, na kwa sauti ambayo ukumbi mzima ulisikia: "Kwenu hakuna saa?"

Yule kijana wa kitambulisho akainamia viatu vyake. Pazia likashuka. Nikabaki najitazama kwenye kioo na bahasha mkononi.

Jibu lilinijia nikiwa kwenye ngazi, kama kawaida ya majibu mazuri. Kwetu saa zipo mama, tena sisi tunaanza kuzihesabu jua linapochomoza, nyie mnaanza usiku wa manane watu wamelala. Nimelisema jibu hilo bafuni kwangu si chini ya mara hamsini. Kiitaliano chake sasa nimekinyoosha, hakina kosa hata moja.

Jumatatu wakaipokea, pamoja na faini ya kuchelewa. Nikitaka kuilalamikia faini niandike barua, na barua haisomwi bila stempu ya serikali ya euro 16, inayouzwa duka la sigara lenye kibao cha herufi T. Unalipa kwa muuza tumbaku ili uruhusiwe kusema umeonewa. Nililipa. Sikujibiwa.

Kisha orodha ya ufadhili ikatoka: jina langu limo, pembeni wameandika "idoneo", maana yake unastahili, ila fungu limeisha. Unastahili! Kama kuambiwa umechaguliwa kuwa bwana harusi ila bibi harusi hajapatikana. Nakiri hapa nilikilaani chuo bure, maana hela ile ni ya mkoa, na orodha iliposogea baadaye, miti imeshaanza kuchanua, nililipwa. Lakini wakati ule nilikuwa nakula tambi na chumvi, na tumbo halibagui mkoa na chuo.

Ungeniuliza siku hizo ningetoa nyota moja, na hiyo moja ya mandhari.

Halafu ukaja mtihani wa sayansi ya udongo. Hapa mitihani mingi ni ya mdomo: unakaa mbele ya profesa, wenzako wamekaa nyuma wanasikiliza unavyoungua. Alama ni juu ya 30, kufaulu ni 18. Profesa, mzee aliyekuwa anamenya chenza juu ya karatasi za watu, aliniuliza natoka wapi, kisha: udongo wenu mwekundu, wekundu wake unatoka wapi? Nikaacha daftari. Nikamwambia habari za joto na mvua kuosha madini mengine na kubakiza chuma, nikamwambia mashamba ya mkonge, nikamwambia vumbi linavyoshika kwenye kola ya sare ya shule na sabuni isilitoe. Chenza akaisahau. Akainuka kwenda kwenye ramani ukutani nimwonyeshe Tanga kwa kidole. Aliporudi akasema, "Ishirini na nane. Unaipokea?"

Nilidhani ananitega. Kumbe ndivyo walivyo, mwanafunzi anaweza kuikataa alama akarudi mtihani ujao. Mimi niliyesoma miaka yote kwa alama kubandikwa ukutani na hakuna wa kumuuliza! Nikaipokea. Nilishuka kilima kile naimba.

Kwa hiyo nyota nne? Subiri kwanza.

Juzi nilikwenda kuulizia fomu za kuhitimu. Dirisha la pili kuna dada mgeni kazini, akafungua faili langu, akasema majina yako yako sawa, yamerekebishwa siku nyingi. Na nani? Akaelekeza kalamu kwenye dirisha namba tatu. Alibaki baada ya saa za kazi, Jumatatu ileile, akaandikiana na watu wa kodi mpaka wakayapanga yakakaa. Kwangu hakusema neno, faini aliiacha palepale, na pazia lake, niliangalia, lilikuwa limeshashuka. Saa sita na dakika moja.

Sasa hapo nimfanyeje mtu wa namna hiyo? Nimshukuru, halafu "kwenu hakuna saa" niiweke wapi? Nilishaandika nyota tatu, nikafuta nikaandika mbili, baba kwa simu akasema mpe tano mama wa watu, watu wazima tunachoka. Baba hakuwepo ukumbini.

Naacha tatu kwa sasa. Fomu ya kuhitimu nayo inataka stempu ya euro 16 na sahihi ya dirisha namba tatu. Linafunguliwa kesho saa nne. Saa tatu nitakuwa nimeshakaa mlangoni.