Fundi wa Kisumu Aliyenifutia Venusaur

Niliipeleka kaseti yangu ya Pokémon Trading Card Game, gemu ya Game Boy ya kushindana kwa kadi za Pokémon, kwa fundi mmoja hapa Kisumu mjini kwa kazi moja tu: kusafisha zile shaba zinazoingia kwenye mashine, maana gemu ilikuwa inagoma kuwaka. Betri sikuitaja. Niliporudi jioni nikakuta ameifungua, ameng'oa betri ya ndani, amelehemu mpya, na bei imepanda. Nikaiwasha hapo hapo kaunta. Kila kitu kimekwenda! Medali, kadi, hata jina langu.

Betri ile ndiyo inayoshikilia kumbukumbu yote. Fundi makini hutafuta kwanza njia ya kuihifadhi kabla hajaing'oa. Huyu hakuuliza, na nilipolalamika hakuinua hata kichwa: "Boss, si hii ni gemu ya watoto? Anza tu upya." Kisha akaendelea na simu ya mteja mwingine.

Nianze upya! Kadi nyingine sawa, nitazishinda tena. Lakini nilikuwa na Venusaur ile ambayo hakuna mpinzani anayekupa na haimo kwenye pakiti yoyote. Huipati ila kwa Card Pop: Game Boy Color mbili, zile mashine za mkononi za kuchezea gemu, zinatazamana, zinarushiana miale isiyoonekana kwa macho, kila mmoja anaangukiwa na kadi kwa bahati. Mimi niliipata nikiwa na binamu yangu, sakafuni kwa nyanya kule Kakamega, tukapiga kelele mpaka tukafukuzwa nje. Mashine yake ilikufa zamani. Hata Game Boy Advance, inayosoma kaseti hii bila shida, haina kile kidirisha cha miale.

Nilitaka niishie hapo, niseme mtu yeyote asikanyage duka lile. Ila nikisema kazi yake ni mbovu nitakuwa mwongo. Kaseti sasa inawaka mara moja, haikwami, haigugumizi. Usiku ule nilianza tena kwa Dkt. Mason, yule wa ndani ya gemu anayekupa kadi za kuanzia, nikachagua za Squirtle, nikakesha. Gemu iliyofika Marekani mwaka 2000 bado inanishika vile! Ukimshinda mtu katika klabu za ndani ya gemu unapewa pakiti zako za kadi, unazifungua moyo ukidunda. Hakuna wa kukudai M-Pesa ndiyo ufungue nyingine, hakuna tangazo la kukukatizia mchezo. Ronald, yule hasimu wako wa ndani ya gemu, naye anatokea na majivuno yake yale yale. Kwa furaha hiyo nampa fundi nyota tatu.

Hapana, mbili. Mkono mzuri anao, lakini kaseti ilikuwa yangu, na neno "pole" halikumtoka hadi naondoka. Nikimfikiria akisema "gemu ya watoto" naona hata mbili ni nyingi.

Aliye na kaseti hii na Game Boy Color inayowaka, iwe Kisumu, Kakamega au Nakuru, tafadhali aniambie. Nitakuja mwenyewe, nauli na chai juu yangu. Nataka Card Pop moja tu.