Kiboksi cha phono kwenye pleya ya mjomba: uzoefu wangu

Mjomba alipohamia Tukuyu kulima parachichi aliniachia pleya yake ya santuri na katoni mbili za sahani, nyingi ni muziki wa dansi, zile ndogo ambazo wimbo unaanzia upande mmoja unamalizikia upande wa pili. Pleya aliinunua Zambia enzi akifanya kazi TAZARA. Mimi nakaa Forest hapa Mbeya, nina risiva ya kisasa ya kuangalizia filamu, yaani amplifaya ya spika za sebuleni. Nikajua ni kazi ya dakika tano: waya nyekundu kwa nyekundu, nyeupe kwa nyeupe, chomeka tundu la AUX la risiva, basi.

Kilichotoka ni kama mtu anaimba ndani ya kopo, na kopo lenyewe liko kwa jirani. Nikapandisha sauti mpaka mwisho, besi hakuna. Nikabeba vyote mpaka Mwanjelwa. Fundi hata hakusikiliza: "Braza, amplifaya imeungua hiyo, acha elfu arobaini." Nikamuuliza mbona TV inapiga vizuri kwenye risiva hiyohiyo? Akasema TV ni kitu kingine. Nikabeba vitu vyangu nikarudi.

Kumbe hakuna kilichoungua. Sindano ya sumaku kama hii inatoa milivolti tano hivi, wakati AUX inasubiri mia kadhaa. Halafu kuna jambo ambalo wengi hatulijui: santuri inapochongwa, besi hupunguzwa makusudi ili mifereji isiwe mipana, na sauti nyembamba huongezwa. Kipimo chake kinaitwa RIAA, kipo tangu 1954. Wakati wa kupiga, lazima kitu kigeuze hesabu hiyo. Risiva nyingi za zamani zilikuwa na tundu limeandikwa PHONO kwa kazi hiyo. Yangu haina.

Ndipo nikaagiza kiboksi cha phono, kinachokuza sauti ya sindano na kurudisha besi, kutoka Kariakoo, elfu sitini na tano, kikaja na basi. Ni kidogo kuliko pakiti ya majani ya chai, bati tupu, hakina hata swichi ya kuzimia. Nikakiweka katikati ya pleya na risiva. Jamani! Gitaa la besi lililokuwa limepotea likaingia sebuleni kama mgeni aliyekawia. Kwa kazi hiyo sina la kulalamika.

Ila pamoja na besi ukaja mvumo. Mmmmm, hauishi, hata sahani isipozunguka. Nikigusa mkono wa sindano kwa kidole, unapungua. Hapo nikakumbuka kiwaya chembamba cha kijani kinachoning'inia nyuma ya pleya, nilichokikunja na kukifunga raba bendi nikidhani ni mabaki. Hicho ndicho cha ardhini (ethi). Kiboksi kina skrubu yake pembeni. Nikakichubua, nikakizungusha pale, nikakaza kwa bisibisi, mvumo ukakatika. Ulibaki mlio mwembamba kama wa mbu, na huo ulitoka kwenye adapta iliyokuja na kiboksi. Nimetumia ya ruta ya zamani, volti 12 zilezile na chanya yake ipo kwenye tundu la ndani la plagi vilevile (soma kwanza, usichomeke kwa kubahatisha), mbu akaondoka. Kwa hiyo adapta yao naipa sifuri.

Baada ya wiki spika ya kushoto ikanyamaza. Kabla hujalaumu kitu, badilisha waya za pleya kwenye kiboksi, ya kushoto iende kulia. Kimya kikihamia spika ya pili, kiboksi na risiva havina kosa, ugonjwa uko kwenye pleya au waya zake. Kwangu kilihama. Nikafungua kichwa cha sindano: nyaya nne nyembamba kama unywele, nyeupe na bluu za kushoto, nyekundu na kijani za kulia. Pini ya ile nyeupe ilikuwa na kutu ya kijani. Nikaichomoa kwa kibano cha nyusi cha mama watoto, nikasugua kwa raba ya penseli, nikarudisha. Mikono ilinitetemeka kuliko siku ya mahari.

Angalizo kwa wenye pleya mpya: nyingi zina kiboksi hiki ndani tayari, na swichi ya PHONO na LINE nyuma. Ukiweka LINE (kiboksi cha ndani kinafanya kazi) halafu ukapitisha kwenye kiboksi kingine, sauti inakwaruza vibaya. Huna haja ya kununua.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Kinachonisumbua sasa ni asubuhi za baridi ya Julai, mkanda wa pleya unakuwa mgumu na wimbo wa kwanza unaanza kama mwimbaji kaamshwa usingizini. Hilo si kosa la kiboksi. Nimeshaagiza mkanda mwingine.